Mdomo ndio unaolia, lakini mgonjwa ni kichwa: kisa cha regulata moja Malindi

Regulata ni kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi, na ya kisa hiki ni ya aina wanayoitumia wengi wanaozamia kwa kujifurahisha kati ya Malindi na Watamu. Ina hatua ya kwanza ya kiwambo (utando wa mpira), yenye mizani (presha yake haibadiliki sana mtungi unapopungua), inayobanwa kwenye vali ya mtungi kwa klampu. Ina midomo miwili, mmoja wa kupumulia na mmoja wa akiba, kisha mpira wa kujazia jaketi la kuelea na geji ya mtungi. Hatua ya kwanza tutaiita kichwa. Kichwa huipokea hewa ya mtungi, ambayo mtungi ukijaa huwa bar 200 hivi, na kuishusha hadi presha ya kati: bar 9 hadi 10 zaidi ya presha ya maji mahali alipo mzamiaji. Mdomo nao huishusha presha ya kati mpaka hewa ivutike kwa pumzi ya kawaida.

Kifaa kilifanya kazi msimu wote wa kaskazi. Kusi ilipoingia na bahari kuchafuka, kikaoshwa, kikatiwa mfukoni na unyevu wake, kikalala hadi Oktoba. Kilioshwa kwa maji ya kisima, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Visima vingi vya Malindi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa, na vilivyo karibu na pwani huwa na chumvi pia. Maji hayo yakikaukia ndani ya chuma huacha ukoko mweupe mgumu kama ule wa ndani ya birika. Maji ya mfereji yanayosukumwa kutoka Baricho ni afadhali kwa suuza ya mwisho, na ya mvua ni bora zaidi. Juu ya hayo, kile kifuniko cha vumbi kinachoziba mlango wa hewa wa kichwa kilifungwa kikiwa kimelowa. Matone yaliyobaki chini yake hayana njia ya kutoka ila kuingia ndani kwenye chujio.

Dalili

Mtungi ukifunguliwa, kimya. Baada ya dakika tatu hivi mdomo wa kupumulia unaanza kutoa mlio mwembamba, sss, na mapovu madogo ukiutia majini. Ukibonyeza kitufe cha kutoa hewa, mlio unakoma. Zikipita dakika nyingine tatu, umerudi.

Hii ndiyo habari yenye thamani kuliko zote katika kisa hiki, na mwenye kifaa aliipita bila kuitazama. Mdomo ambao wenyewe ni mbovu, siti yake (kizibo laini cha tundu la hewa) ikiwa imechanika au wenzo wake umepanda mno, huvuja tangu mtungi unapofunguliwa, na kubonyeza kitufe hakuutulizi kwa dakika tatu. Mdomo unaonyamaza baada ya kubonyezwa kisha ukarudi kulia baadaye unaonyesha kuwa presha ya kati inapanda. Kitufe huishusha presha hiyo, mlio ukaisha. Vali ya kichwa inaendelea kupitisha hewa kidogo kidogo, presha ikapanda tena mpaka ikaishinda springi ya mdomo, na hewa ikatoka. Mdomo hapo unafanya kazi yake sawasawa, kwa sababu vali yake imeundwa ifunguke kuelekea nje presha ikizidi, ili mpira usipasuke.

Mwenye kifaa alifanya wanalofanya wengi: alikaza pale palipolia. Alichomoa mpira wa mdomo, akaingiza bisibisi pana, akalizungusha tundu la hewa robo mzunguko kwa ndani. Mlio ukaisha. Siku ya kuzamia pumzi zikawa nzito, na mdomo wa akiba, ambao haukuwahi kuvuja, ukaanza kulia. Huo nao ukakazwa. Kilichofuata kilikuwa cha hatari: jaketi likaanza kujijaza lenyewe. Presha ilikuwa imenyimwa njia mbili, ikajitafutia ya tatu kwenye vali ndogo ya kujazia jaketi. Jaketi linalojijaza mzamiaji akiwa mita 18 humpandisha juu kwa kasi asiyoitaka, na mapafu na damu hazisamehe kasi hiyo. Bahati, lilijijaza ufukoni.

Midomo miwili ikivuja kwa zamu, usiendelee kuigusa. Ni nadra vitu viwili vilivyo mbalimbali kuharibika wiki moja, ilhali vyote viwili vinakula kutoka kichwa kimoja.

Geji kabla ya spana

Jirani yake, mzee anayetengeneza mashine za boti, ndiye aliyeuliza presha ya kati ilikuwa ngapi. Haikuwahi kupimwa. "Mzee, sauti yatoka mdomoni, mbona waenda kichwani?" aliuliza kijana mwenye kifaa. "Mwanangu, tupime kwanza," alijibiwa, na meza ikaondolewa vitu.

Geji ya kupimia presha ya kati si lazima iagizwe ng'ambo. Iliyotumika ni geji ya kompresa, ya bar 0 hadi 16, iliyofungiwa chuchu ya kujazia iliyotolewa kwenye jaketi kuukuu. Fundi wa lathe alichonga kiungo cha katikati. Ukitaka kutengeneza yako, zingatia mambo machache. Geji ya mwisho bar 10 haifai, maana kichwa kibovu huzipita bar 10 bila shida. Uzi wa geji uzibwe kwa washa ya shaba. Utepe mweupe wa mabomba humeguka, na vipande vyake hutembea. Tena usipeleke hewa kwenye kichwa chenye geji peke yake. Angalau mdomo mmoja uwe umeunganishwa, kwa sababu huo ndio mlango wa dharura wa presha ikizidi. Kichwa kinachopitisha hewa bila mdomo kitaipeleka presha juu hadi kitu kipasuke, na pengine kioo cha geji kikurukie usoni.

Geji ikachomekwa kwenye mpira wa jaketi, mtungi ukafunguliwa polepole, kitufe kikabonyezwa mara kadhaa. Baada ya kitufe kuachwa, sindano ilisimama bar 9.4. Kichwa kizima husimama hapo, papo hapo, kama kimegonga ukuta, na sindano haisogei tena. Hiki kilisimama kidogo kisha kikaendelea kupanda. Dakika ya tano ilikuwa bar 11. Dakika ya kumi ilikuwa karibu bar 13, na hapo mdomo uliokazwa nao ukaanza kulia.

Mdomo wenyewe ulipimwa kwa beseni la maji. Unaushika kinywa chake kikitazama juu na kitufe kikitazama chini, unauzamisha taratibu, na hewa inapoanza kutoka yenyewe unapima kutoka usawa wa maji hadi kiwambo cha mdomo. Sentimita 2.5 hadi 4 ni pazuri. Huu ulikuwa zaidi ya sentimita 6. Ndiyo maana pumzi zilikuwa nzito: kila pumzi ilianza kwa kuvuta springi iliyobanwa kupita kiasi.

Meza

Meza ilikuwa ya chumba cha nyuma, kama zilivyo nyingi: jiliwa lenye kutu, kabureta ya mashine ya boti iliyo nusu wazi, mishipi, ndoana, kopo la grisi ya bearingi, na mchanga ulioletwa na upepo dirishani. Hakuna anayetaka mtu ajenge maabara. Ila kabureta na regulata havikai meza moja siku moja, kwa sababu petroli na grisi nyeusi havitakiwi karibu na hewa ya kupumua. Walifunika nusu ya meza kwa shuka jeupe lililofuliwa, wakazima feni inayopuliza vumbi, wakaleta trei ya mayai. Trei ya mayai yenye vishimo 30 ni kifaa kizuri mno. Kila kilichotoka kinawekwa kwenye kishimo chake kwa mpangilio wa kutoka, na kurudisha ni kusoma trei kinyumenyume.

Kabla ya kufungua, mtungi hufungwa, kitufe hubonyezwa hadi kimya kabisa, geji ya mtungi isome sifuri, ndipo klampu ifunguliwe. Halafu mipira yote ivuliwe. Mipira ya presha ya kati hufunguliwa kwa spana ya milimita 14, na ule wa geji ya mtungi kwa ya milimita 16, kwa kawaida. Kichwa kisibanwe kwenye jiliwa, kwani meno yake hung'oa kromu na bahari ikaingia hapo kula shaba. Badala yake, tundu moja la presha ya kati lifungiwe kishikio chenye uzi wa inchi 3/8, nyuzi 24 kwa inchi, na hicho kishikio ndicho kikae kwenye jiliwa. Tundu la presha kubwa ni inchi 7/16, nyuzi 20. Ukikilazimisha kimoja kwenye tundu la kingine utaua uzi, na kwenye shaba uzi ukifa umekufa.

Kilichokutwa ndani

Chujio, kile kijipande cha chembe za shaba zilizoshikanishwa kwa joto mlangoni mwa kichwa, kilikuwa cha kijani. Rangi ya chujio huzungumza. Kijani maana yake maji yameingia kwenye shaba. Hudhurungi au nyekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Kijivu cheupe ni unga wa mtungi wa aluminiamu. Nyeusi ni mkaa au mafuta kutoka kwenye kompresa, na hapo unabadilisha mahali pa kujazia mitungi kabla ya kubadilisha chujio. Hapa jibu lilikuwa kile kifuniko kilichofungwa na maji.

Upande wa kiwambo, chumba cha springi ambamo maji ya bahari huingia na kutoka kilikuwa na ukoko mweupe mnene, na springi ilikwaruza ilipotolewa. Kabla ya kuilegeza nati ya kurekebisha, kina chake kilipimwa na kuandikwa. Ukilisahau hili, wakati wa kufunga utaanza kubahatisha, na kuanzia na springi iliyobanwa mno ni kuipa mipira presha isiyohitajika.

Upande wa pili ilitoka siti. Hiki ni kipande kidogo cha plastiki ngumu kwenye shina la shaba, chenye uso bapa unaokaa juu ya ukingo mwembamba wa tundu la hewa. Tundu hilo na ukingo wake tutaliita taji. Springi kubwa na maji ya nje hukisukuma kiwambo ndani, kiwambo husukuma pini, pini huinua siti kutoka kwenye taji, na hewa hupita. Presha ya kati ikitosha, hukirudisha kiwambo nje na siti hukaa. Uhai wote wa kichwa uko kwenye duara hilo moja, ukingo wa shaba dhidi ya plastiki, hewa ya bar 200 upande mmoja na bar 9.5 upande wa pili. Nyuma ya siti kuna chumba cha mizani, na shina hupita humo kupitia oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa) ndogo sana. Chumba hicho ndicho kinachofanya presha ya kati isibadilike sana mtungi unapopungua kutoka bar 200 hadi bar 50.

Siti ya zamani ilikuwa na mfereji mzito wa duara, na ndani ya mfereji punje nyeupe iliyojichimbia. Sababu imepatikana, kila mtu alidhani.

Siki, maji ya betri na oringi

Mpira na plastiki zote ziliondolewa, kisha shaba ikatiwa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya vuguvugu. Viputo vinaonekana mara moja, chokaa ikiachia. Dakika tano hadi kumi zinatosha, huku unasugua kwa mswaki laini. Anayeacha vipande kwenye siki usiku kucha hukuta asubuhi kromu imefifia au imebanduka na shaba imegeuka waridi. Siki isiguse vipande vya aluminiamu vilivyotiwa rangi. Ukoko uliobaki kwenye nyuzi ulitolewa kwa siki ya mara ya pili. Kisu hakikutumika.

Suuza ya mwisho ilifanywa kwa maji ya betri, yale yasiyo na madini yanayouzwa vituo vya petroli. Hayaachi doa yanapokauka. Soma lebo mara mbili: asidi ya betri huuzwa kwenye rafu ileile, katika chupa inayofanana.

Oringi zinastahili neno, kwa sababu ndipo watu wanapobana matumizi. Mpira wa presha ya kati unatumia oringi namba 011, wa presha kubwa namba 012, kwa vipimo vya AS568 vinavyojulikana na maduka ya haidroliki. Oringi zenyewe ziwe za nitraili, ugumu wa 70 kwa presha ya kati na 90 kwa sehemu nyingi za presha kubwa. Oringi ya bomba la maji yenye kipimo sawa itakaa, itaziba, halafu siku moja itasukumwa nje ya mfereji wake na mtungi mzima uishe kwa dakika chache. Oringi za ndani ya kichwa na siti zitoke kwenye seti ya vipuri ya kichwa hicho hicho, si ya kinachofanana.

Grisi ni ya silikoni, na ni ya kung'arisha tu: oringi ikionekana imevaa grisi, umezidisha. Vaseline hapana, mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu hapana, na mafuta ya nazi, ambayo yako katika kila nyumba ya pwani na hujitokeza mezani kila mara, hapana. Huganda, huvunda, na hushika mchanga. Anayezamia kwa hewa iliyoongezwa oksijeni kupita asilimia 40 anahitaji grisi maalumu ya oksijeni na usafi wa daraja jingine kabisa, na kazi hiyo haifanywi kwenye meza ya nyumbani.

Siti mpya, ugonjwa uleule

Kichwa kikafungwa na siti mpya, kiwambo kipya, chujio kipya na oringi zote mpya. Sindano ikasimama bar 9.5. Dakika ya kumi ilikuwa bar 10.3.

Afadhali, lakini si nzima. Mwenye kifaa alisema siti mpya itajilaza, na usemi huo una ukweli ndani yake. Siti mpya huhitaji kufunguka na kufunga mara nyingi ili ukingo wa taji uchore alama yake, na presha kupanda kidogo mwanzoni si ajabu. Tofauti iko hapa: siti inayojilaza hupunguza mpando kila unapobonyeza kitufe mara ishirini na kupima upya. Hii ilibonyezwa, ikapimwa, ikabonyezwa, ikapimwa. Ikabaki 10.3 palepale. Kinachovuja kwa kiwango kilekile kina tundu.

Washukiwa walikuwa watatu. Siti mpya yenyewe iwe na kasoro au uchafu. Oringi ndogo ya shina iwe imekatika wakati wa kufunga, hewa ya presha kubwa ikapitia chumba cha mizani. Au ukingo wa taji uwe umeumia. Wengi hapa huagiza siti nyingine, wanasubiri wiki kadhaa ifike, na inafika kukutana na tatizo lilelile.

Njia iliyotumika kuwatenganisha haikugharimu kitu. Siti ilitolewa na kutazamwa kwa kioo cha sonara, kile cha kubana jichoni. Duara jembamba lilikuwa limechoreka vizuri, ila mahali pamoja, kama saa saba kwenye uso wa saa, palikuwa na kichuguu kidogo sana cha plastiki kilichobaki juu, kana kwamba ukingo haukufika pale. Mwili wa kichwa ukatiwa alama ya kalamu. Siti ikarudishwa ikiwa imegeuzwa nusu mzunguko, hewa ikafunguliwa, kitufe kikabonyezwa mara nyingi, ikatolewa tena. Sasa vichuguu vilikuwa viwili, saa saba na saa moja, vikitazamana. Ingekuwa uchafu kwenye siti, ungezunguka na siti na kusingekuwa na kichuguu cha pili. Kilichobaki mahali pake siti ilipogeuka ni taji. Oringi ya shina nayo haiwezi kuchora chochote kwenye uso wa siti.

Taji likamulikwa kwa tochi kutoka ubavuni. Kwenye ukingo, palepale, palikuwa na kovu jembamba kuliko unywele linalokatisha ukingo wote. Kucha haikulihisi. Kwenye kioo ungedhani mtu amekata kwa wembe.

Na mkataji alikuwa amelala mezani: ndoana ya samaki iliyonyooshwa, ambayo mwenye kifaa aliitumia kama kulabu ya kuchokolea oringi na kufukua chokaa tunduni. Chuma cha ndoana kimekazwa, na shaba mbele yake ni laini. Mguso mmoja unatosha. Kulabu ya kutolea oringi iwe ya shaba au ya plastiki, au kijiti cha meno cha mwanzi, na isipelekwe kwenye ukingo wa taji kwa sababu yoyote. Huko hupelekwa kitambaa laini kilicholowa, basi.

Kwa hiyo vilikuwa vidonda viwili, kimoja juu ya kingine. Cha kwanza ni punje ya chokaa kwenye siti ya zamani, iliyoleta mlio wa Oktoba. Cha pili kiliingizwa na dawa ya cha kwanza. Ndiyo maana mpando ulipungua sana lakini haukuisha.

Taji jipya na kuweka presha

Vichwa vingine vina taji lililochongwa ndani ya mwili wenyewe. Kovu la hivyo wapo wanaolisugua kwa msasa mwembamba sana juu ya kijiti bapa. Mara nyingi hulainisha ukingo na kuuharibu umbo, na mwili mzima ukawa wa kutupa. Kichwa hiki kilikuwa na taji linalotoka. Lilisukumwa kutoka upande wa kiwambo kwa kijiti cha plastiki. Jipya likatiwa oringi yake chini, likakandamizwa kwa kijiti kilekile mpaka likakaa sawa. Oringi hiyo ya chini ya taji usiisahau kwenye trei, kwani ikikosekana hewa hupita kandoni na utaanza kumshuku kila mtu upya.

Siti ile yenye vichuguu viwili, ingawa mpya, haikurudishwa. Ukingo mzima ungekaa juu ya michoro ya ukingo mbovu. Ikawekwa nyingine.

Nati ya kurekebisha ilianza ikiwa imelegea kuliko kipimo kilichoandikwa. Mtungi ukafunguliwa polepole, sindano ikaonyesha bar 8 na ushei, nati ikakazwa kidogo kidogo, na kila baada ya kukaza kitufe kikabonyezwa mara tano kabla ya kusoma. Walisimama bar 9.5. Baada ya dakika kumi ilikuwa bar 9.5. Mtungi wenye bar 200 ukabadilishwa kwa uliobakia bar 50, na sindano ikasoma 9.4, inavyotarajiwa kwa kichwa chenye mizani. Kilipogongwa kwa kiganja huku kikiwa na presha, sindano haikuruka.

Midomo

Midomo ilikuwa haijaumwa mwanzoni, lakini kukazwa kuliiumiza. Siti laini ya mdomo wa kupumulia ilikuwa na mfereji mzito, kwa kuwa tundu lilizungushwa likiwa limegandamana nayo. Tundu la mdomo linapozungushwa, kitufe kiwe kimebonyezwa ili siti iwe mbali. Vinginevyo ukingo wake hukata duara kama kisu cha kukatia biskuti.

Siti ikabadilishwa. Tundu likarudishwa nje mpaka hewa ikaanza kulia kidogo kwa presha ya bar 9.5, kisha likaingizwa sehemu moja ya nane ya mzunguko kila mara, kitufe kikibonyezwa kila likizungushwa, mpaka kimya. Likaongezwa sehemu moja ya nane nyingine. Kwenye beseni, hewa ilianza kutoka sentimita 3. Kisha kifuniko cha vumbi kikarudishwa mlangoni mwa kichwa, na mtu akavuta kwa nguvu kwenye kinywa cha kila mdomo bila hewa ya mtungi. Ikivutika, kuna upenyo kwenye kiwambo cha mdomo au vali ya kutolea pumzi, na huko chini utakunywa maji. Hii haikuvutika.

Mipira ilikazwa kwa mkono, kisha kwa spana hadi takriban Nm 4.5. Hiyo ni nguvu ya vidole viwili, si ya kiwiko. Mpira wa jaketi ulitupwa, kwa kuwa ulikuwa umevimba karibu na kiungo baada ya kubeba bar 13 mara nyingi. Vali ya kujazia jaketi ilifunguliwa na kusafishwa, ikabadilishwa oringi.

Mtungi wenyewe haukuguswa, na hilo lilikuwa sawa. Ukaguzi wa ndani wa kila mwaka, jaribio la maji la kila miaka mitano, na swali la kama mtungi mkuukuu wa aluminiamu ni wa aloi ya 6351 inayojulikana kwa kupasuka shingoni, yote hayo yana watu na mashine zake.

Kifaa kilijaribiwa upande wa ndani wa mwamba siku za maji mafu, ambapo mkondo ni mdogo. Wakati wa bamvua usijaribu kitu kilichotoka mezani jana. Kina kilikuwa mita 4, na mwenzake alikuwa kando na regulata iliyo nzima. Waliporudi ufukoni geji ilichomekwa kabla ya kuosha: bar 9.5. Mdomo wa akiba ndio uliobaki na kazi. Ukingo wa tundu lake umechubuka kutokana na kule kukazwa kwa bisibisi, hauvuji, lakini unafunguka sentimita 5, na tundu jipya limeagizwa Mombasa. Mpaka lifike, kifaa hakivuki mwamba.